Nimesoma Yote. Umekula?

Kwaru, kwaru, kwaru. Kulikuwa bado giza, na bibi yake Araba, Nana Aba, alikuwa ameshaanza kusaga pilipili kwenye bakuli la udongo.

Araba aliisikia sauti hiyo akiwa kitandani, simu mkononi. Siku nyingine ilimwamsha aandike blogu yake. Leo ilimkumbusha wageni. Wajomba wa mchumba wake, Fiifi, walikuwa wanatoka Takoradi na chupa za kinywaji kuja kubisha hodi, maana pale Cape Coast binti haposwi kwa simu.

Ujumbe ukaingia. Ulitoka kwa Esaaba, rafiki aliyempata kule Kasa, mtandao wa blogu ambako wewe unalipa kiingilio, kisha nao unakulipa ukiandika au ukitoa maoni kwa wenzako.

"Shoga, nisamehe kwa asubuhi hii. Hivi unajua Fiifi analipwa kila akikutolea maoni? Mimi mwenyewe nilianza kukusifia kwa ajili ya hela, urafiki ukaja baadaye. Yeye je? Muulize kabla hamjanywa kinywaji chao."

Araba akainuka akaketi.

Fiifi, fundi majokofu mwenye blogu ya kufundisha watu kutunza friji zao, ndiye aliyekuwa msomaji wake wa kwanza kila asubuhi. Kujuana walijuana Kasa, na kupendana wakapendania huko huko. Akampigia.

"Araba wangu! Nimeshavaa. Mjomba ananicheka, eti nimepiga pasi mpaka soksi."

"Fiifi, Kasa wamekulipa kwa maoni unayoniandikia?"

"Walinilipa, ndiyo. Mwanzoni. Lakini ngoja nikwambie..."

Araba akakata simu.

Nana Aba akaingia na bakuli la uji.

"Uso gani huo wa siku ya kubishiwa hodi?"

Araba akamweleza yote, machozi yakimlengalenga.

"Mie hayo ya mtandao siyajui," Nana akasema. "Ninachojua, yule kijana alipokuja kutengeneza jokofu langu alinioshea sufuria zote akisubiri lishike baridi. Hakuna aliyemtuma."

"Nana, kuosha sufuria si ushahidi."

"Na kulipwa nako si ushahidi. Wewe hulipwi kwa unayoandika? Si ndiyo hela iliyonunua hilo jokofu? Basi na wewe unatudanganya?"

Araba akapangusa machozi.

"Kunywa uji. Ukitaka kumuuliza, muulize mbele yetu, umeshiba."

Jua lilipopanda, wageni wakaketi sebuleni. Msemaji wao akasafisha koo.

"Sisi tulikuwa tunapita tu, tukaona ua zuri uani kwenu."

"Mlikuwa Takoradi, ua mkaliona Cape Coast?" akadakia Wofa Kwansa, mjomba wa Araba. "Hayo macho au darubini?"

Watu wakacheka. Chupa zikawekwa mezani. Wofa Kwansa akamgeukia binti yao, kama desturi inavyotaka, maana chupa ikifunguliwa posa imekubaliwa.

"Araba, nakuuliza mara ya kwanza. Tunywe?"

Araba akaitazama chupa.

"Nakuuliza mara ya pili. Tunywe?"

"Wofa, naomba kwanza nimuulize yeye."

Minong'ono ikaanza. Siku ya hodi mchumba hukaa kimya, wazee ndio husema.

"Mwacheni aulize," Nana Aba akasema. Wakamwacha.

"Fiifi, ulikuwa unanisoma mimi, au ulikuwa unatafuta hela?"

Fiifi akasimama. Suruali ilikuwa imenyooka kweli kweli.

"Fungua simu. Yasome maoni yangu kwa sauti, tangu mwanzo."

Araba akasoma. "Makala nzuri sana dada yangu, yenye mafunzo tele, yenye kuelimisha na kuburudisha jamii yetu yote kwa ujumla na kwa upana wake..."

"Huyo anagombea ubunge!" Wofa Kwansa akasema.

Araba akaendelea kushuka, mpaka akafika siku aliyoandika juu ya marehemu mama yake, na zile ndala ambazo hakuna aliyeweza kuziondoa mlangoni. Chini yake Fiifi alikuwa ameandika: "Nimesoma yote. Umekula?"

Kesho yake: "Nimesoma yote. Umekula?"

Na kesho kutwa. Na mpaka jana.

Araba akaacha kusoma. Kasa hawalipi maoni mafupi. Yeye mwenyewe ndiye anayewafundisha wanachama wapya: refusheni, msipofika maneno ishirini hampati kitu. Na mara ngapi alikuwa amemtania Fiifi kwamba ni bahili wa maneno!

"Mbona hukuniambia?"

"Siku ile ya ndala niliandika marefu, nikaona nitalipwa kwa kilio chako. Nikafuta. Likabaki swali lililokuwa moyoni mwangu. Tangu hapo nikaona haya kupokea hela kwa jina lako."

Kutoka mlango wa jikoni, Esaaba, aliyekuja kusaidia kupika, akajishika kichwa.

"Jamani, nichapeni! Mimi namwandikia hotuba nzima na silali mpaka nilipwe!"

"Wewe tutakuchapa kwa kukuoshesha vyombo," Nana Aba akamjibu, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Wofa Kwansa akainua chupa.

"Araba, nakuuliza mara ya tatu na ya mwisho. Tunywe?"

Araba akamtazama Fiifi.

"Fiifi, umekula?"

"Tangu jana, hapana. Chakula kilikuwa hakipiti."

"Wofa, fungueni chupa," Araba akasema, sauti imetulia. "Na mtu amletee mume wangu dokono ya mahindi."

Jioni, wageni wakiaga, Nana Aba alimshika Fiifi mkono getini, akamfungashia samaki wa kukaanga.

"Wazee watarudi siku ya harusi. Wewe usiwangoje. Njoo Jumanne."

"Jokofu limeharibika tena, Nana?"

"Jokofu zima kabisa. Nitasaga pilipili. Njoo tena, mwanangu, uje ule tu."