Mhina Ndani ya Ufa

Ubaya ulianza na kifuniko cha sufuria. Mafundi wa kiwanja cha jirani walikuwa wamezima mashine, wamekaa kula makande, na Bi Zamda akatua sufuria yake chini. Kifuniko kikagonga: ta-ta-ta-ta. Akakishika, kikatulia. Akakiachia, kikaanza tena.

"Bibi, si wamezima mashine?" mjukuu wake Yusra akauliza.

"Wamezima, mwanangu."

"Sasa nini kinatetemeka?"

Zamda akaweka kiganja chini, sakafuni.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo, hapo Korogwe, na aliijenga marehemu mumewe, Mhina. Kila fito aliikata yeye, kila tonge alilikandika yeye. Kiwanja cha jirani kilikuwa na jiwe kubwa ambalo wazee wa Kizigua hawakulikalia hata wakichoka vipi. Walisema lina mwenyewe. Basi akaja tajiri anataka gesti ya ghorofa, na msingi wa ghorofa unataka kwenda chini. Jiwe likapasuliwa kwa mashine, likasombwa kwa malori, ikaja mashine nyingine ya kushindilia ardhi. Ardhi ikawa inapiga kama moyo wa mtu aliyekimbizwa. Vumbi likadondokea mboga, mlango wa uani ukakataa kufunga, na kutoka pembe ya dirisha, chumbani kwa Mhina, ukuta ukafunguka ufa.

Zamda akamwendea msimamizi wao, Richard.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, mnanibomolea."

"Bibi nawe! Nyumba ya udongo hata ikipitiwa na bodaboda inapasuka."

Vijana wakacheka. Lakini Richard alikuja, akabandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa saruji. "Kikivunjika ujue ukuta unatembea. Hapo uhame, bibi yangu, usibishane."

Kilivunjika Jumapili, mafundi wote wako makwao. Na ndani ya ufa mtu akakohoa.

Mhina alikuwa na kikohozi chake, viwili vifupi, ndipo neno lifuate.

"Zamda we. Umekula?"

Mtasema angekimbia. Haya, na ninyi mkae miaka yote hiyo bila mtu wa kuwauliza kama mmekula. Zamda alijikalia chini, akaegemea ukuta.

"Nimekula, Baba Mustapha. Wewe je?"

Kuzungumza na ufa ikawa ndiyo kazi yake ya kila siku. Ufani ilitoka harufu ya ugoro wa Mhina, na nyuma yake harufu nyingine, ya kaburi lililochimbwa mvua ikinyesha. Mwanawe Mustapha akaja kutoka Kwedizinga kumchukua.

"Mama, ukuta huu utakuua. Twende."

"Baba yako nimwachie nani?"

Mustapha akatazama chini. Alidhani ni uzee.

Mpaka adhuhuri moja Zamda alipotoka kuanua nguo, na aliporudi akakuta mkeka umevutwa mpaka chini ya ufa, na Yusra amelala ubavu, sikio ukutani, mkono umezama hadi kiwiko katika ufa ambao asubuhi usingepitisha kijiko, anacheka kidogo kidogo kama anayetekenywa, vumbi linamwagikia nywele zake wala hajikung'uti, na nje mashine zote kimya, kimya kabisa, ila nyumba nzima inapiga, inapiga.

"Unaongea na nani?" Zamda akanong'ona.

"Babu. Anasema nilale hapa hapa, nisisogee."

Mhina, aliyekuwa akifukuza hata kuku wasipite chini ya ukuta mbichi! Asingemlaza mtoto pale. Zamda akamvuta mjukuu wake, na mkono ulitoka kwa shida, kana kwamba umeshikwa.

Mustapha akamleta mganga, Mzee Semboja wa Kwashemshi. Mzee hakupiga kelele wala ngoma. Alinusa ufa tu.

"Si mumeo, Mama Mustapha. Ni mwenye jiwe. Wamemvunjia kwake, amekimbilia palipofunguka."

"Basi tuhame," Zamda akasema.

"Ufa ukibaki wazi atawafuata, na sauti hiyo hiyo. Ulimjibu. Aliyemjibu ndiye wa kumfunga."

Akamkandia udongo na majivu na dawa zake. Zamda akapiga tonge la kwanza. Ndani kikatoka kikohozi, viwili vifupi.

"Zamda we. Unanizika mara ya pili?"

Mkono ukasimama. Mustapha, mlangoni na Yusra mgongoni, akapiga hatua moja ndani.

"Mama, ni baba! Mwache!"

"Shika mtoto, Mustapha."

Akaendelea, analia na kukandika, anakandika na kulia, na sauti inadidimia, Zamda kuna giza huku, Zamda nilikukosea nini, mpaka ikabaki tundu ya kidole. Hapo sauti ikageuka. Haikuwa ya Mhina tena, wala ya mtu yeyote.

"Na mimi nilikuwa na kwangu."

Akaiziba.

Wakaondoka jioni ile ile. Asubuhi mashine ilipowashwa, ukuta ukaanguka kwa ndani, pale pale palipokuwa na mkeka.

Sasa Zamda anakaa Kwedizinga kwa mwanawe. Ukimwita haitiki, hata uwe Yusra, mpaka akuone uso. Majirani wanasema masikio yamekwisha. Hayajakwisha. Jioni nyingine Mustapha humkuta amekaa peke yake, machozi yanamtiririka, mdomo kauziba kwa upindo wa khanga, asije akaitika.