Lebo Mbili za Kitanda cha Nne

Mzee wa kitanda cha nne alikuwa ameshafunikwa shuka Inspekta alipoingia wodini. Mfuko wa damu ulining'inia bado. Lebo ilikuwa na jina la mzee, lakini damu ilikuwa ya kundi jingine, iliyoandaliwa kwa mama wa kitanda cha tisa. Muuguzi aliyebandika lebo alikuwa ameshatiwa pingu, na kesi ya mauaji ikimnyemelea.

"Ulibadilisha lebo?"

"Wallahi sijabadilisha, afande! Nilibandika zilivyotoka mashineni."

"Zilitoka ngapi?"

"Mbili, kwa mpigo."

Kwa mpigo! Inspekta akatoka mbio hadi kwenye mashine ya kuchapa lebo. Akaagiza lebo moja ya majaribio: sawa. Akaagiza mbili kwa wakati mmoja, za wagonjwa tofauti. Zote zikatoka na jina moja!

"Haa!" Alipiga meza, moyo ukimdunda kwa furaha. Yule muuguzi hana hatia!

Programu ya mashine hiyo waliiandika ndugu wawili wa ofisi ya kompyuta: kaka sehemu ya zamani, dada sehemu mpya, kila mmoja kwa lugha yake ya kompyuta.

"Upande wa kaka unaliweka jina kwenye kumbukumbu," dada alieleza. "Wangu unapewa anwani tu ya mahali lilipo, uende kulisoma."

"Kisha?"

"Upande wa kaka unaiachia nafasi ile, itumike tena."

"Ikiachiwa kabla hujasoma?"

Dada akashika mdomo. "Mungu wangu! Jina jingine linaingia humo humo. Ni kama kumwelekeza mgeni chumba, akafika akakuta mpangaji mwingine."

"Basi ni ajali," kaka akadakia, akijitia kupiga miayo.

Miayo hiyo Inspekta hakuipenda hata kidogo. Akaikamata kompyuta ya kaka. Kabla ya saa sita mchana, mtaalamu wa uchunguzi alikuwa amelifukua faili lililofichwa. Mistari miwili tu: nakili jina kwanza, ndipo uachie nafasi. Tarehe: siku nane nyuma.

"Kumbe uliijua hitilafu!"

Kaka akageukia dirishani.

"Nakuuliza wewe!"

"Niliijua."

"Na dawa yake ulikuwa nayo. Kwa nini hukuiweka?"

"Dada alinicheka mbele ya mkurugenzi, eti lugha yangu ni ya vikongwe. Leo alikuwa aonyeshe kazi yake kwa wakubwa. Nilitaka aumbuke. Jana wodi ilipoanza kuitumia programu, nikajisemea, siku moja tu, kutatokea nini?"

Dada alilia kwa sauti. "Mtu amekufa, kaka! Kwa kicheko changu?"

Ushahidi ulikuwa umeshanakiliwa. "Kabla sijakufunga pingu," Inspekta akasema, "rekebisha."

Kaka akaiweka ile mistari miwili, akabonyeza. Zikatoka lebo mbili, majina mawili. Muuguzi, mikono yake sasa huru, alisimama mlangoni akitazama saa ya ukutani.

"Sekunde arobaini tu zilitosha kurekebisha," alisema, akaketi sakafuni.