Mguu wa Daktari Otiende

Maiti ya Daktari Otiende, mpasuaji wa moyo, ilitupwa mtaroni kando ya barabara ya Nakuru, karibu na Cheptiret. Fuvu lilikuwa limepondwa. Lakini Inspekta Musimbi alichuchumaa akiutazama mguu wa kulia. Ulikazwa pajani, karibu na kinena, kwa kipande cha tyubu ya tairi kilichozama nyamani. Chini ya hapo ngozi ilikuwa na rangi ya ini.

"Alifungwa akiwa hai," mpasuaji wa maiti alimwambia Musimbi huko mochwari. "Mguu ulikufa kwanza. Mwenyewe akafuata."

 Kuua tu hakukumtosha muuaji huyu, Musimbi aliwaza.

Kule marehemu alikofanya kazi, muuguzi Mildred alifunga mlango kabla ya kujibu.

"Kuna mgonjwa wake aliyepoteza mguu?"

"Mmoja. Antony Kinuthia. Mashine ya moyo iliunganishwa kwa mrija kwenye mshipa wa paja. Mrija ukazuia damu kushuka. Moyo ulipona, mguu ukakatwa."

"Ana nani?"

"Baba tu. Mzee Ephantus, fundi wa pancha, Cheptiret."

Musimbi na konstebo wake walimkuta Ephantus akivua tairi. Musimbi alitoa kile kipande cha tyubu. Kilikatwa katikati ya kiraka chekundu. Konstebo Kipyego akaangua tyubu iliyoning'inia ukutani, na nusu ya pili ya kiraka ikaonekana.

Mzee alirusha wili spana, chuma cha kufungulia nati za magurudumu. Ilimpata Kipyego begani, mfupa ukalia. Musimbi alimwangusha Mzee kifudifudi, akamkandamiza kwa goti, kisha akamgeuza na kumtia pingu.

"Mzee, kwa nini?"

"Pancha ndiyo ilimleta," alihema, damu ikimtoka mdomoni. "Hakunitambua. Nikamwambia mimi ni baba Antony. Akauliza, 'Antony yupi?' Mguu wa kijana yangu ulikuwa baridi kama chuma. Nikausugua usiku kucha, huyo daktari akisema baridi ni ya dawa tu, itaisha! Nikataka aisikie hiyo baridi."

"Hakuomba msamaha?"

"Aliomba. Alilia kama mtoto." Mzee alifumba macho. "Hapo ndipo nilimpiga. Sikuacha mpaka akanyamaza."

Mlangoni Antony alikuwa amesimama, magongo kwapani. Alikuwa amesikia yote.

"Baba," alisema, "huyo daktari ndiye alinitoa kaburini."

Musimbi alimwinua Mzee. Mzee alipopita karibu na mwanawe, alimnyooshea mikono yenye pingu. Antony akarudi nyuma.