Ramli Chonganishi na Jani la Isale

Kila asubuhi kabla ya shule, Doris alikata majani ya ng'ombe kando ya mfereji, akayabeba kichwani mpaka nyumbani kwao Kibosho. Mdogo wake Basili, mwenye miaka mitano, alimfuata nyuma akiimba wimbo mmoja tu, ule wa chekechea, tena bila kuumaliza.

Siku moja mbuzi wa jirani yao, Bibi Margareta, alikata kamba akala maharage ya Mzee Eliezeri, baba yake Doris. Wakubwa wakatupiana maneno. Kesho yake bibi akachuma jani la isale pale mpakani, akalipiga fundo, akampa Doris.

"Mpelekee baba yako mkononi. Mwambie nimekosa, anisamehe."

Kwa Wachaga, ukiletewa jani hilo huwezi kukataa kusamehe. Lakini wenzake Doris walikuwa wakimwita wakacheze rede. Akalichomeka jani ukutani, chini ya dirisha la chumba cha Basili, akikusudia kulitoa baadaye. Akasahau.

Haukupita muda, Basili akashikwa na homa kali. Shingo ikakakamaa, akalia kichwa kinauma. Mama yao alikuwa Holili kwenye biashara ya vitunguu. Baba alipochanganyikiwa, akamwita mtu aliyepanga chumba karibu na soko, ambaye watu walimwita Fundi.

Fundi alikuja na kandambili miguuni na mchanga ndani ya kopo la rangi. Akaumwaga kwenye sinia, akachora mistari kwa kidole.

"Mzee, umegombana na nani karibuni?"

"Na Margareta, huyo jirani."

"Basi. Mchanga umekwisha kuniambia ni mwanamke, mtu mzima." Akazunguka nyumba, akarudi na lile jani. "Unaliona?"

"Hilo si la amani?" baba aliuliza.

"La amani hupewa mtu mkononi. Hili limefichwa. Fundo hili ndiyo shingo ya mtoto. Na hospitali usimpeleke, sindano itammaliza."

Doris alisimama mlangoni na kikombe cha maji. Akiwaza fimbo ya baba, akanyamaza.

Baba akachukua panga, akaenda kihambani kwa bibi, kwenye shamba lililozunguka nyumba yake, akaanza kukata migomba. Mikungu michanga ikaanguka matopeni. Bibi Margareta hakukimbia.

"Eliezeri," alisema, "mikono hii ndiyo iliyokupokea ulipozaliwa."

Baba aliendelea kukata.

Asubuhi Basili hakugeuka alipoitwa. Alitazama dari tu. Doris akamshika baba mkono.

"Baba, jani lile nilipewa mimi nikuletee. Bibi alikuwa anaomba msamaha. Nililichomeka mimi, nikaenda kucheza."

Baba hakumgusa. Alimtazama, kisha akamtazama Basili. Akamfunga mtoto mgongoni kwa khanga ya mama, akashuka mbio ile njia ya matope mpaka walipopata bodaboda.

Hospitalini daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo. "Tutamwokoa. Lakini mlichelewa." Basili alipona, ila masikio yake hayakusikia tena.

Waliporudi nyumbani, baba alipiga fundo jani la isale, akalipeleka kwa mikono miwili, Doris pembeni yake. Bibi alikuwa ameketi katikati ya visiki vya migomba. Akalichukua, akasema, "Nimepokea."

"Bibi," Doris aliuliza, "kwa nini kazi ile ya Fundi watu wanaiita ramli chonganishi?"

"Marehemu mume wangu alifanya kazi Tanga, ndiye aliyenieleza. Ramli ni neno la Kiarabu, maana yake mchanga. Waganga walichora mistari mchangani, wakadai wanasoma siri. Hilo la chonganishi watu waliliongeza wenyewe, walipoona kila inapopigwa, jirani anamchukia jirani. Mchanga haujui kitu, mwanangu. Baba yako aliulizwa, akataja jina langu, akarudishiwa hilo hilo. Mgonjwa apelekwe hospitali. Na wewe, ungesema siku ile ile, maumivu ya fimbo yangeisha jioni."



Basili alikuwa mferejini, akiimba wimbo wake wa chekechea kwa sauti kubwa mno, kwa sababu hasikii sauti yake mwenyewe. Doris alimwita kwa mazoea. Kisha akakumbuka, akatembea mpaka alipo, akamgusa bega.