Filomena Wawili

"Kitunguu, uko wapi?"

Polisi Sada, redioni Kitunguu, alibonyeza redio yake. "Katesh, gesti, nje ya chumba cha yule mwizi. Magoti yameshastaafu, mkuu. Yamebaki mabega."

"Usiguse kompyuta yake. Laini ikikatika, kijiji cha Gehandu kinahesabiwa hakipo, na kura yake inakwenda kwa kampuni."

"Na bastola?"

"Ibaki kiunoni."

Sada alicheka kwa uchovu. Alikuwa ameendesha pikipiki yake ya Boxer kutoka Mbulu, vumbi mpaka kwenye meno, na Glock yenyewe ni pambo.

Nyuma yake alisimama Bibi Filomena wa Gehandu, mwakilishi wa mitandao ya vijijini kwenye baraza la dunia la intaneti. Simu yake iliibwa mnadani, na namba zake za siri zikaenda nayo. Leo baraza linapiga kura: vijiji vibaki na sauti, au makampuni makubwa yaamue peke yao.

Sada alisukuma mlango kidogo.

Kijana Nikolausi, aliyekodiwa na kampuni ya nje, alikaa mbele ya laptop. Lakini kwenye kioo chake alionekana Filomena, kilemba na makunyanzi yote. Programu ilimpa sura, ikampa na sauti.

"Kanizidi uzuri," bibi alinong'ona.

"Ni filta hiyo. Ingia, bibi. Simama tu, akuone."

Nikolausi aligeuka. Angeona bastola, angeruka dirishani. Aliona mwanamke mzee amesimama, yeye amekaa.

Mdomo ukatangulia akili.

"Shikamoo, bibi."

Akainuka, akampisha.

"Marahaba." Filomena akakaa.

Sada alimdaka Nikolausi ukosi. "Hapo hapo. Kwenye kamera."

Baraza zima likaona Filomena amekaa, na Filomena mwingine nyuma yake, amekunja mikono kama mwanafunzi mtoro.

Mkalimani alikohoa. "Samahani. Bibi Filomena ni yupi?"

"Aliyekaa," alijibu Nikolausi, kwa sauti ya Filomena.

Pingu zikalia.

"Gehandu inasema vijiji vibaki," alisema bibi.

Vikabaki, kwa kura moja. Bibi akaanza kuwaeleza habari za mnara unaozimika kila mvua ikinyesha. Sauti yake ikazimwa. Muda wake ulikuwa umekwisha.

"Wamenikata?"

"Kawaida yao, bibi. Ila kura wameiandika."

"Basi nawasubiri." Akakisogeza kiti karibu zaidi.

Sada alimkabidhi Nikolausi kwa askari wa Katesh, akatoka juani. Akaipiga Boxer kiki. Kimya. Akapiga tena.

Akaishika usukani, akaisukuma taratibu kuelekea kibanda cha chai, kama mtu aliyepanga hivyo tangu asubuhi.