Mpapai Ulionona

Kila jioni akitoka shule, Mutanu alichuma majani ya kunde, akayachemsha mpaka yakalegea, kisha akamwaga yale maji ya kijani chini ya mpapai. Hakupenda uchungu wa majani hayo, basi. Nesi alikuwa amewaagiza wayapike upesi, kwa maji kidogo yasiyomwagwa, kwa ajili ya dadake Nzilani aliyekuwa mjamzito. Mama alipouliza, Mutanu alijibu haraka, "Sijamwaga, Mama."

Mpapai ulinona ajabu. Nzilani naye alizidi kudhoofika. Wiki hiyo nesi alimpima damu, akatikisa kichwa. Damu isipopanda, angelazwa hospitalini katika mji wa Wote.

Alhamisi klabu ya sayansi ya akina Mutanu ilijiandaa kwa mashindano. Mwalimu Kanyiva alipanga matofali mezani.

"Seli mpya ya damu haitengenezwi bila matofali madogo yanayoitwa nukleotidi," alisema. "Mafundi wa kuyatengeneza ni vimeng'enya, vile visaidizi vinavyoharakisha kazi mwilini. Lakini kuna fundi asiyeweza kumaliza tofali lake mpaka folati, aina ya vitamini, imletee kipande cha mwisho. Folati ikikosekana?"

"Mjengo unasimama!" Jonah alipaza sauti.

"Hapo sawa! Folati imo kwenye mboga za majani. Ukizichemsha sana ukamwaga maji, umeimwaga."

Mutanu aliruka kitini. "Woi! Mpapai!"

Darasa zima liliangua kicheko. Kengele ilipolia tu, Mutanu alitimua mbio hadi nyumbani.

"Mama! Nimejua damu ya Nzilani inaenda wapi!" Kisha akapunguza sauti. "Ni mimi. Nilikuwa nikimwaga maji ya kunde. Nilikudanganya."

Nzilani aliinamisha uso. "Usimlaumu peke yake, Mama. Vidonge vya folati vinanitia kichefuchefu. Nimekuwa nikivifukia... pale pale kwenye mpapai."

"Ai! Yaani mti huu umekula kliniki nzima?" Mama alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda.

Kesho yake walimweleza nesi ukweli wote. Nesi akamwonyesha Nzilani jinsi ya kumeza vidonge baada ya chakula. Mutanu naye akaanza kupika kunde kama walivyoagizwa. Mwezi ulipoisha, damu ilikuwa imepanda. Mutanu alipiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika.

Siku hiyo walikata papai la kwanza. Nzilani aliuma kipande kikubwa, akauambia mti, "Haya, turudishie vyetu!"

Mama aliwatazama wote wawili. "Bwana asifiwe," alisema. "Lakini mkumbuke, wanangu, fundi hata awe hodari vipi, hajengi kwa tofali lililofichwa. Na nesi hawezi kumtibu mtu anayemficha ukweli."