Mifuko Makumi Tatu na Saba

Siku ya kwanza ya kazi, saa moja na robo asubuhi, Directeur Kasonia alifungua makahier mbili za wanafunzi juu ya meza ya bureau, katika nyumba moja ya masomo ya kanisa kule Mususa, akaona wizi. Devoir ya hesabu, kazi ya kufanyia nyumbani, ilifuatana mustari kwa mustari. Hata maneno ya jibu yalikuwa yale yale: "Kila jamaa itapata kilo 120."

Fasi ilikuwa moja tu. Internat moja ya Musienene, masomo ya kulala, ilikubali kupokea binti mumoja wa mwaka wa sita. Jokébed na Eliane walikuwa na pointi sawa. Devoir hii ndiyo ingeamua.

"Jokébed njo aliibia," alisema Maître Lusenge, mwalimu wao. "Alifika hapa bila hata kalamu, leo anashinda batoto ya hapa?"

Mama Kahindo, mujane mwenye kufagia masomo, alisikia kupitia mulango. Jokébed ni mujukuu wake. Baba na mama ya mutoto walibakia Beni, chini ya udongo. Wakati wa récréation, watoto wakicheza inje, saa ine, alianzia kwa wake mwenyewe.

"Mbele ya Mungu, uliangalia kwa Eliane?"

"Hapana, Koko. Juzi, siku ya posho, saa kumi, nilipeleka kahier kwa Maître, kwake nyumbani. Hajanirudishia mpaka sasa."

Kwa Maître ndiko Eliane anakaa. Lakini mutoto anaweza kudanganya, hata wako. Mama Kahindo aliomba Mungu aweke haki waziwazi.

Saa sita, watoto wakiisha kutoka, aliomba aone makahier.

"Mama, ufagio umekuchosha?" Maître alicheka.

"Nilimaliza masomo ya primaire, Maître. Nivumilieni kidogo."

Problème, ile hesabu yenyewe, ilisema: gari camion inaleta mifuko 37 ya maharage, kila mufuko kilo 85. Kilo 145 zinaoza. Zinazobaki zinagawanyiwa jamaa 25.

Alifuata kwa kidole. 37 mara 5: 185. 37 mara 80: 2960. Kwa Jokébed, jumla 3145. Kwa Eliane, 3415.

"Directeur, hii haukuiona?"

"Lakini nilifanya preuve par neuf, ile ya kupima jibu kwa tisa! Zote mbili zinaleta 4. Basi ziko sawa."

"Preuve par neuf inajumlisha tarakimu tu. Moja na ine zikibadilishana fasi, haijui. Sasa toa 145 kwa 3415."

Directeur aliandika. "3270."

"Eliane aliandika ngapi?"

"3000." Alishuka mustari mumoja. "Kisha akagawanya kwa 25, akapata 120."

"Mutu mwenye kuhesabu, kosa linamufuata mpaka chini. Huyu alikosa katikati, akafika salama. Alikuwa anaangalia kazi ya mwingine."

Eliane aliitwa. Mama Kahindo alikuwa amemukasirikia tangu asubuhi. Alipomuona anashikilia mulango, hasira ilipunguka.

"Kahier ya Jokébed, nani alikupatia?"

Mutoto aliangalia chini. "Noko, huyu Maître. Jana, kisha ibada. Alisema nikopie mbio."

Maître Lusenge hakukataa.

"Ni mutoto ya dada yangu," alisema. "Ndugu yake mukubwa, benye silaha balimubeba shambani kule Kasugho, mwezi wa tisa. Hatujamuona tena. Baba yao anasema huyu akikosa internat, arudi kulima. Shamba ni lile lile, Directeur. Ningefanya nini?"

"Na mujukuu wangu?" aliuliza Mama Kahindo.

Maître alifunika uso kwa mikono.

Directeur alishika kalamu. "Mama, umesikia yote. Niandike nani?"

Haki ilikuwa waziwazi juu ya meza, vile alivyoiomba.

"Andika Jokébed."

Kalamu ilipita juu ya karatasi. Mama Kahindo alitafuta neno la kumushukuru Mungu, hakulipata.

Eliane alikuwa angali amesimama pale. Akapangusa pua kwa mukono.

"Mama," akauliza, "niende mimi nimuambie Jokébed? Ananingojea inje, tunarudiaka pamoja."